Matafuno Matatu Hadi Chemchemi

Mke wangu Ponciana anakamata uongo wa watu kwa maswali matatu, na huyauliza akiwa anamenya viazi, bila hata kuinua macho. Goti lipi linakuuma? Unaogopa nini? Nani anakusubiri nyumbani? Msafiri akijibu kwamba magoti yote mazima, haogopi kitu na hakuna wa kumsubiri, Ponciana anamaliza kiazi chake, anafuta kisu kwenye aproni na kumwambia, "Haya baba, kapumzike. Kesho asubuhi kuna gari la kurudi mjini." Mpango wa njia hampi.

Hapa kwetu Rayanpata kila nyumba ina namna yake ya kuishi na wageni wanaokuja kuyatafuta magofu ya Willkapirwa. Wapo wanaokodisha nyumbu wa mizigo, wapo wanaoongoza njia, na shemeji yangu mmoja anauza fimbo za kutembelea anazoapa kuwa zimebarikiwa na padri, wakati padri mwenyewe hajui. Ponciana alichagua wale ambao wenzake hawana faida nao: wanaotaka kwenda peke yao, kwa miguu yao, mizigo yao mgongoni. Ni siku mbili kwenda na mbili kurudi, na katikati kuna korongo lenye joto la kuchoma masikio. Watu wanawacheka. Yeye anawakalisha jikoni, anachana karatasi ya daftari la shule na kuwaandikia mpango: hapa pana maji, hapa usilale kuna kupe, hapa nyumba ya Mama Teófila atakupa supu ukimsifia mbwa wake, hapa ukiona jiwe lenye msalaba mweupe umeshapotea, rudi. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajisumbua, maana mtu akiwa na mwongozaji hana haja ya karatasi. Akaniambia, "Mtu mzima akisema anataka kwenda mwenyewe, kwa nini nimshike mkono?" Nikamwelewa, kwa sababu na mimi nilipomwoa nilimkuta hivyo hivyo, hashikwi mkono.

Sasa, mpango wa Ponciana haupimwi kwa kilomita. Kilomita, anasema, ni za magari, haziujui mlima. Yeye anapima kwa matafuno, kama alivyopima baba yake aliyekuwa akipitisha nyumbu korongoni zamani. Unatia majani ya koka shavuni na jivu kidogo la kuyakoleza, unaanza kutembea. Ladha ikiisha unatema, na mwendo wote uliokwenda ndio tafuno moja. Njia ikipanda, tafuno linakuwa fupi kwa macho lakini miguu ni ile ile, jasho ni lile lile. Kwa wageni wenye saa anawageuzia: tafuno moja ni dakika arobaini na tano. Ila yeye mwenyewe hatafuni, anasema majani yanamharibia ladha ya supu. Anatumia shavu langu.

Miaka ishirini na miwili shavu langu ndilo lililopima njia ile. Kila mwezi wa tano, mvua zikikatika, tulishuka wawili na nyumbu wetu Seneta, aliyepewa jina hilo kwa sababu anakula sana na kusogea kidogo. Mimi natafuna, Ponciana anafuata na penseli yake kwenye ukingo wa kofia. Nikitema tu, anaandika. Hakuna mtu aliyewahi kurudi akasema mpango ulimdanganya. Watu wa kijiji walikuwa wakisema kengele ya kanisa inaweza kuchelewa, shavu la Saturnino halichelewi. Nilijivuna kwa maneno hayo, sifichi. Mtu ana haki ya kujivunia kitu, na mimi sina ng'ombe.

Basi mwaka jana meno yangu yaliyobaki juu yakaisha. Ponciana akanipeleka Abancay kwa fundi wa meno, akasimama pembeni akitoa maelekezo kama vile anachagua sahani. Meno ya bandia yalipokuwa tayari, meupe na yamekaa sawasawa, akanitazama njia nzima ya kurudi. Alikuwa akicheka peke yake, mkono mdomoni. "Saturnino," akasema, "umerudi kuwa yule kijana aliyenimwagia unga siku ya kanivali." Kwa neno hilo ningevaa hata kwato za nyumbu mdomoni.

Kasoro ni kwamba meno hayo na koka haviivi chungu kimoja. Majani yanaingia chini ya bamba, ladha siipati sawasawa, na nikitaka kubadilisha donge la majani lazima nitoe meno yote, niyasuuze, niyarudishe. Na mimi nilikuwa nimeshamwapia mke wangu kwamba yananikaa kama niliyezaliwa nayo.

Ndipo mvua za mwaka huu zikala njia ya chini, kuanzia darajani hadi chemchemi ya Yanapuquio. Kijiji kikachimba njia mpya juu zaidi, kwa zamu, kila nyumba mtu mmoja. Mwezi wa tano tukaenda kuipima. Siku hiyo ukungu ulishuka mpaka kwenye masikio ya Seneta, jua halikuonekana kutwa. Nikatia donge darajani, nikatembea, ladha ikaisha, nami nikaendelea kulibeba shavuni kama jiwe. Nilimngoja Ponciana aingie kichakani kwa haja yake au ageuke kukaza kamba za mzigo, ndipo nilipogeukia mlima, nikatoa meno na kubadilisha upesi upesi. Nilipata nafasi mara chache mno. Tulipofika kwenye chemchemi nilikuwa nimetema mara tatu.

"Matatu tu?" Ponciana akashangaa. "Ya zamani ilikuwa manne. Hii mpya imepanda juu na bado ni fupi?"

"Vijana wamechimba vizuri," nikasema. Mungu anisamehe.

Akaandika matatu. Nilijiambia nitamwambia ukweli kesho, kisha wiki ijayo. Mwezi wa sita wageni wote walikuja na waongozaji, hakuna aliyehitaji mpango, nami nikazidi kujisahaulisha. Halafu akaja Mwalimu Zoraida.

Kabla ya kuja yeye zilikuja simu zake. Hapa kwetu simu inashika sehemu moja tu, kilimani penye makaburi, hivyo Ponciana alikuwa anapanda huko kila Jumapili baada ya misa kuzungumza naye, yeye akiwa mjini Arequipa. Viatu gani? Usiku baridi kiasi gani? Mlinzi wa magofu anaitwa nani, na anapenda nini? Je, ni kweli mfereji wa kale wa kuleta maji bado unafanya kazi? Ponciana alikuwa anajibu kwa kupiga kelele, upepo wa kilimani ni mkali. Nafikiri marehemu wote wa Rayanpata wanaweza leo kwenda Willkapirwa bila kuuliza njia.

Mwezi wa saba akashuka kwenye gari, mwanamke mfupi mwenye kofia nyekundu ya sufi, begi mgongoni, miaka sitini na sita. Alikaa jikoni kwetu, simbilisi wakimpita miguuni, na Ponciana akachukua kisu na kiazi.

"Goti lipi linakuuma?"

"La kushoto. Mvua ikikaribia linaniambia kabla ya redio."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa kwamba nimechelewa."

"Nani anakusubiri?"

"Paka. Na hata yeye ameshahamia kwa jirani."

Ponciana akaweka kisu chini. Katika miaka ishirini na miwili sijawahi kumwona akiweka kisu chini kabla kiazi hakijaisha.

Akatueleza. Amefundisha jiografia miaka thelathini na minne, na kila mwaka aliwachorea watoto Willkapirwa ubaoni kwa chaki: ngazi za mashamba, mfereji, uwanja wa juu. Na kila mwaka hakukosekana mtoto wa nyuma wa kunyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, wewe umefika?" Naye akajibu, mwaka ujao. Majibu thelathini na manne, yote mwaka ujao. Mpwa wake alitaka kumlipia safari ya kampuni, aketi juu ya nyumbu, aongozwe, apikiwe. Alimwambia shangazi, umri huo si wa kujaribu peke yako, utakwama njiani utuletee aibu.

"Sikukataa kwa kiburi," akasema Mwalimu. "Nyumbu ni mnyama mzuri. Lakini mtoto akiniuliza kama nimefika, sitaki kumjibu kwamba nilifikishwa."

"Hutafikishwa," Ponciana akamwambia. "Utafika. Lete daftari lako."

Walikaa pale hadi supu ikapoa. Ponciana alimpangia kila kitu: jibini kiasi gani, mayai ya kuchemsha mangapi, unga wa shayiri wa kukoroga na maji, soksi za kubadilisha darajani. Kisha wakafika kwenye maji. Mimi nilikuwa pembeni nawatupia simbilisi majani.

"Chupa mbili?" Mwalimu akauliza.

"Moja, Mwalimu. Goti lako la kushoto halitaki mzigo. Mpaka darajani kuna maji kila mahali. Kutoka darajani hadi Yanapuquio ni kukavu, ila ni matafuno matatu tu. Wewe kunywa, usijibane, utajaza pale."

"Matatu ni dakika mia moja thelathini na tano," Mwalimu akasema na kuandika. Hakuhitaji hata kuhesabu vidole. "Una hakika, dada?"

"Shavu la mume wangu halijawahi kukosea."

Hapo nilipaswa kufungua mdomo, nami nikaufungua. "Mwalimu," nikasema, "beba chupa mbili."

"We mzee vipi?" Ponciana akanigeukia. "Wewe kazi yako kupakia nyumbu. Mwachie mwenye goti goti lake."

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, kwa meno yangu mapya, na nikajichukia.

Alfajiri akaondoka. Ponciana alimpa majani matatu mazima ya koka ayaweke chini ya jiwe kwa ajili ya mlima, ili mlima umjue. Mwalimu akayaweka kwa heshima, akafunga kamba za viatu mara mbili, akashuka. Kofia yake nyekundu ilionekana muda mrefu, kisha haikuonekana.

Ponciana alikuwa na furaha asubuhi ile, anaimba huku anakoroga uji. "Saa hizi yuko kwa Mama Teófila, anasifia mbwa," akasema. Baadaye tena, "Saa hizi anakaribia daraja. Kabla jua halijawa kali atakuwa ameshatia miguu Yanapuquio. Mbona huli?"

"Ponciana."

"Mm."

"Yale matatu si matatu."

"Matatu gani?"

"Ya darajani hadi chemchemi." Uji ulikuwa unanitazama, nami nautazama. "Ni matano. Labda matano na kitu. Haya meno, mama, siwezi kutafuna nayo. Nilikuwa nalibakiza donge mdomoni limeshakufa, nakungoja ugeuke. Sikutaka uone nikiyatoa."

Nilidhani atanipigia kelele, na ningeshukuru. Alisimama tu na mwiko mkononi, uso umemshuka.

"Amebeba chupa moja," akasema. Kisha, "Kamata Seneta."

Tulishuka kwa njia ya mkato wanayopitia nyumbu, ile ambayo Ponciana hamwandikii mgeni yeyote, madumu mawili ya maji yakigongana juu ya mgongo wa Seneta. Hakuniita kwa jina. Alikuwa anazungumza na nyumbu. "Twende, mama, wewe una meno yako ya kweli," anamwambia. "Twende, wewe hujui kuongopa." Seneta, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alitembea kama mnyama anayelipwa. Mimi nilifuata nyuma nikimfikiria yule mwanamke juani.

Tulipofika darajani Ponciana akasimama na kunyoosha kiganja. "Toa."

"Nini?"

"Meno, Saturnino. Toa, tia mfukoni. Tia majani, utafune kama ulivyoumbwa."

"Sasa hivi? Mtu ana kiu huko mbele!"

"Kwani unatafuna kwa miguu? Tembea na utafune. Nitajua leo leo nimewaandikia watu nini."

Ndivyo tulivyokwenda, tukikimbia nusu na kutembea nusu, mimi nikiwa kibogoyo na majani shavuni, yeye na penseli. Na sitaki kuongopa tena: ladha ilivyonirudia mdomoni, kali, ya kijani, nilikaribia kulia kwa raha. Nikatema la kwanza. "Moja," akasema, hata hakunitazama. Jua lilikuwa limeshaingia korongoni na mawe yameanza kutoa joto. Nikatema la pili. "Mawili. Na chemchemi iko wapi? Haionekani hata kwa maombi." Akaongeza mwendo. La tatu lilikuwa bado na ladha nusu tulipoiona kofia nyekundu.

Mwalimu Zoraida alikuwa ameketi kwenye kivuli cha mwamba, amevua viatu na kuvipanga sawa, chupa tupu imesimama pembeni, karatasi ya mpango magotini. Midomo ilikuwa imemkauka mpaka imepasuka. Ponciana akapiga magoti akampa maji kidogo kidogo, akimshika kisogo. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nikaona yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mwalimu alipopata sauti akainua mkono, kama anavyonyamazisha darasa.

"Msiniambie kitu, nimeshaelewa mwenyewe," akasema. "Mpango unasema dakika mia moja na thelathini na tano. Nilipozimaliza nikaangalia, hakuna chemchemi. Nikasema labda natembea polepole, nikajiongezea arobaini na tano. Hakuna. Watu wote mliowapa karatasi hii wamefika, sivyo? Basi hesabu ni rahisi. Njia haina kosa, karatasi haina kosa. Aliyebaki ni mimi." Alikuwa anaikunja karatasi vizuri, pembe kwa pembe. "Nimekaa hapa saa nzima nikingoja jua lilegee nirudi. Mpwa wangu alisema kweli. Ningekuja nikiwa na miaka hamsini. Nimechelewa."

Aliyasema kwa sauti ya ubaoni, imara kabisa. Nami njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumkuta na kiu. Sikuwa nimejiandaa kumkuta amejikatia tamaa kwa ajili ya mdomo wangu. Ningetaka ardhi inimeze pale pale na viatu vyangu.

Ponciana akanitazama.

Nikaingiza mkono mfukoni nikayatoa meno, yamegandiwa na nyuzi za sufi, nikamwonyesha Mwalimu kiganjani. "Mwalimu," nikasema, na bila meno maneno yangu yanateleza, "aliyekosea ni huyu hapa."

Akayatazama. Akanitazama mimi, mdomo ulivyobonyea. Nikamweleza yote: fundi wa Abancay, donge lililokufa, ukungu, kichaka, vijana waliochimba vizuri. Alisikiliza bila kunikatiza, kama mtu anayesikiliza kisingizio cha mwanafunzi na ameshaamua kukiamini. Nilipomaliza akamgeukia Ponciana.

"Kutoka darajani mpaka hapa, kwa kipimo cha kweli, ni matafuno mangapi?"

"Sisi karibu matatu," Ponciana akasema. "Lakini sisi tumekimbia, mzigo ameubeba nyumbu, na mimi nilikuwa na hasira, na hasira inasukuma. Mtu wa kawaida mwenye begi ni manne kamili."

"Dakika mia na themanini."

"Ndizo hizo."

"Mimi nimetumia mia na themanini."

"Basi, Mwalimu, ndicho ninachokwambia."

Mwalimu akaifungua tena karatasi, akaitazama, akaitazama saa. Nilimwona akirudia hesabu, na nikaona ilipomfikia, kwa sababu mabega yalimshuka na uso mzima ukafunguka.

"Kwa hiyo sijachelewa," akasema.

"Hujachelewa hata dakika," Ponciana akamwambia. "Una goti bovu na miaka sitini na sita, na unakwenda kama msichana wa kutumwa dukani. Huyu wangu, mwezi wa tano, hapa ulipokaa alifika akiwa ameomba tupumzike mara nne. Nilidhani ni ukungu."

"Mara mbili," nikasema.

"Nne, kibogoyo wewe!"

Mwalimu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akacheka tena akiwa ameshika ubavu, na machozi ambayo alikuwa ameyabana yakapata njia ya kutokea. Akaniambia, "Mzee Saturnino, nimefundisha miaka thelathini na minne, nimesikia visingizio vya kila aina. Mbwa amekula daftari, bibi amekufa mara tatu. Cha meno sijawahi!" Ponciana naye akaangua kicheko, na nilipomwona mke wangu akicheka nikajua kwamba jioni nitalala ndani ya nyumba.

Ponciana alimpa Seneta ampande hadi kwenye chemchemi, tafuno moja na kidogo lililobaki. Mwalimu akakataa. Chupa ya pili, ambayo Ponciana aliitoa mzigoni, aliikubali, akazijaza zote mbili mwenyewe kwenye dumu, akazipima mkononi. Akavaa soksi kavu na viatu, akafunga kamba mara mbili, akamwomba Ponciana penseli. Kwenye mpango wake akafuta tatu na kuandika tano, kisha akatia mstari chini kama anavyosahihisha mtihani. Akamrudishia penseli, akatupa mkono sote wawili, na akamshukuru Seneta pia.

"Nenda taratibu, Mwalimu," nikamwambia.

"Nitakwenda kwa mwendo wangu," akasema. "Nimeshajua kwamba ni mzuri."

Akaondoka, mguu wa kushoto ukitangulia kwa uangalifu, wa kulia ukifuata. Hakugeuka nyuma.

Sisi tulibaki kivulini tupumzike, maana mimi nilikuwa nimeisha kabisa. Ponciana alisahihisha daftari lake, polepole, mistari mitatu. Halafu bila kuinua macho, kwa sauti ile ile anayomenyea viazi, akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulifurahi mno," nikasema. "Ulikuwa unanitazama na kucheka peke yako. Sikuwa nimekuona hivyo miaka mingi. Nikaona nikiyatoa mbele yako utaona mzee."

"Mzee namwona kila siku. Ndiye anayekoroma." Akafunga daftari. "Unajua kwa nini niliyataka hayo meno?"

"Nionekane kijana."

"Mjinga wewe," akasema, lakini kwa upole. "Miaka miwili nakula mahindi ya kukaanga peke yangu. Tangu tuoane tulikuwa tukikaa mlangoni jioni na bakuli katikati, wewe unavunja, mimi navunja, hatuna hata la kuzungumza. Halafu nikawa nasikia mdomo wangu tu. Nikasema nikimpatia meno atarudi kukaa. Ukayapata, na kila jioni ukawa unaniambia umeshiba."

Miaka miwili, nami nilidhani anakaa pale mlangoni kupunga upepo.

Ponciana akafungua kitambaa chake cha mgongoni, akatoa konzi ya mahindi aliyoyakaanga jana yake. Akayamwaga juu ya jiwe bapa lililokuwa mbele yetu, akatafuta jiwe jingine dogo la mviringo, akaanza kuyaponda. Alipiga, akasaga, akapuliza maganda, akasaga tena mpaka yakalainika. Akayakusanya kwa ukingo wa kiganja na kunimwagia mkononi.

"Kula," akasema, na kutia yake mdomoni mazima.

Nikala. Alikuwa anavunja yake kwa sauti, mimi nalamba yangu kiganjani, na yalikuwa na chumvi ya kutosha. Juu yetu kofia nyekundu ilikuwa imeshafika kwenye kona ya mwisho kabla ya chemchemi. Ponciana akaponda konzi nyingine.